Maswali na Majibu: Scratch, ScratchJr au Snap!?

SWALI: Naendesha klabu ya kompyuta shule ya msingi. Tuna kompyuta mpakato kumi za Windows 10, vishikwambi vinne vya Android na intaneti ya kusuasua. Watoto ni wa miaka 6 hadi 13. Nianze na ipi kati ya hizi tatu za kuwafundisha kuandika programu za kompyuta?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, usiwagawe kwa umri, wagawe kwa kusoma. Wasiosoma vizuri wape ScratchJr kwenye vishikwambi. Bloku zake (vipande vya amri ambavyo mtoto huviunganisha kutunga programu) ni za picha, jukwaa ambapo wahusika huonekana lina miraba 20 kwa 15, na mradi mmoja hauzidi kurasa 4. Haina vigeu, yaani visanduku vya kutunzia namba au maneno, kwa hiyo mtoto akitaka mchezo wake uhesabu alama, mpandishe kwenye Scratch.

Wanaosoma waanze na Scratch 3. Pakua kisakinishi mara moja, kiweke kwenye flashi, uzungushe kompyuta zote. Baada ya hapo huhitaji intaneti. Bloku zake zinaweza kuonyeshwa kwa Kiswahili. Ila toleo hili la nje ya mtandao halihifadhi kazi lenyewe: kila mtoto ahifadhi faili lake la mradi (huishia na .sb3) kabla ya kengele, la sivyo mtasikia vilio.

Snap! ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inafanana na Scratch kwa sura, lakini bloku unayoitunga humo inaweza kurudisha jibu. Ipe urefu na upana, ikupe eneo, uliingize moja kwa moja kwenye bloku nyingine. Katika Scratch jibu hilo lazima ulitie kwenye kigeu. Kwa klabu changa, Snap! inaweza kusubiri.

SWALI: Binti yangu ametengeneza mchezo wa maembe yanayoanguka kwa Scratch. Baada ya muda maembe mapya hayatoki. Kulikoni?
Mama Neema, Tanga

JIBU: Mama Neema, Scratch huruhusu nakala za wahusika (clones) 300 tu kwa mradi mzima, na kila embe linaloanguka huenda ni nakala, na inaelekea maembe yake hayafutwi. Nakala inapoanza, ishuke kwa kubadili y (nafasi yake ya juu-chini) kwa -5 hadi y iwe chini ya -170, kisha ijifute. Asiandike -200: ukingo wa chini wa jukwaa ni -180, na Scratch haimwachi mhusika atoke nje kabisa, hivyo embe dogo halitaifikia namba hiyo kamwe.

Tatizo likiendelea, angalia bloku ya kuunda nakala iko wapi. Ikiwa chini ya bloku ya kupokea ujumbe, nakala nazo huupokea na kuzaa nyingine: 2, 4, 8, na ujumbe wa tisa haufiki mwisho kabla ya kugonga 300. Aihamishie chini ya bendera ya kijani, ndani ya kitanzi chenye kusubiri sekunde 1.