Tundu kubwa la moyo: mtoto akipata nafuu bila upasuaji, msingoje

Dada, unasema mtoto ana miezi 11, kagunduliwa juzi kuwa na tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo, daktari anataka kumpima kwa katheta kabla ya upasuaji, na wewe unaona mngoje kwa sababu ameacha kuhema na ananenepa.

Msingoje. Kama eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) haionyeshi kuwa tundu limepungua, nafuu hiyo inatia wasiwasi kuliko kuhema kwenyewe. Wiki 4 hadi 8 baada ya kuzaliwa, mishipa ya mapafu hulegea, damu ya upande wa kushoto wa moyo humwagikia wa kulia kupitia tunduni na mapafu hufurika. Ndipo mtoto hutoka jasho akinyonya, uzito haupandi, na kila mwezi anatibiwa nimonia bila mtu kumsikiliza moyo vizuri. Inauma, kwa sababu tundu la namna hii lilifaa kuzibwa akiwa na miezi 3 hadi 6. Likiachwa, kuta za mishipa ya mapafu hukakamaa, mfuriko hupungua, na mzazi anaona mtoto kapona. Baadaye damu isiyo na oksijeni hugeuza njia na kuingia mwilini, midomo inakuwa ya buluu. Hapo kuziba ni hatari kuliko kuacha, kwani upande wa kulia wa moyo hauna tena pa kutolea shinikizo. Watoto wenye hali ya Down hufika huko mapema zaidi.

Katheta ni mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni kupima ukinzani wa mapafu, yaani jinsi mishipa yake inavyozuia damu kupita. Ukiwa chini ya 4 kwa uniti za Wood (kipimo cha ukinzani huo) zilizolinganishwa na ukubwa wa mwili wa mtoto, anafaa kupasuliwa. Juu ya 8, kwa kawaida hapasuliwi. Katikati, hupimwa tena akivutishwa oksijeni na naitriki oksaidi, gesi ya kulegeza mishipa ya mapafu, kuona kama mishipa bado inalegea. Omba uandikiwe namba hiyo.

Upasuaji wenyewe ni kushona kiraka huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Njia ya umeme wa moyo hupita ukingoni mwa tundu. Sindano ikiigusa, mapigo huvurugika, ndiyo maana huwekewa nyaya za muda za kuendesha mapigo. Kwa aliyechelewa, daktari anaweza kuacha kwa makusudi upenyo mdogo kati ya vyumba vya juu, ili upande wa kulia uwe na pa kutolea shinikizo.

Siku 3 za kwanza ndizo ngumu. Mishipa ya mapafu inaweza kubana ghafla kwa sababu ya maumivu, baridi, au kunyonywa makohozi kwenye mpira wa hewa. Kwa hiyo hulazwa usingizi, hupewa oksijeni, sildenafili (dawa ya kulegeza mishipa hiyo), na naitriki oksaidi ikiwepo, nayo huondolewa polepole. Uliza mapema kama gesi hiyo ipo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupasua watoto wenye matundu haya.

Kwa sasa mlishe kidogo kidogo mara nyingi, na usikatishe dawa ya kupunguza maji mwilini kwa sababu anaonekana mzima. Akikohoa au kupata homa, wajulishe madaktari kabla ya siku ya upasuaji.