Wafuasi 12,000, harusi hakuna

SWALI: Napiga picha za harusi hapa Morogoro. Akaunti yangu ya Instagram ina wafuasi 12,000 lakini nikiposti napata laiki ishirini, thelathini, na mteja hapigi simu. Jamaa aliyeniuzia wafuasi hao anasema bado ni wachache, ninunue 10,000 wengine na nimpe neno la siri aipandishe akaunti. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye, na neno la siri usimpe kabisa. Swali hili naletewa kila mara, na muuzaji tabia yake ni ileile: dawa ikishindwa, anaongeza dozi.

Fungua orodha ya wafuasi wako, ishuke taratibu. Utakuta majina yenye tarakimu nne tano mwishoni, hayana picha, hayajaposti kitu, na mengine yanafuata watu elfu saba na ushee, karibu na kikomo cha 7,500 kilichowekwa na Instagram. Halafu ingia kwenye takwimu za akaunti uone miji wanakotoka. Morogoro ipo? Dodoma je? Hao hawaoi wala hawaolewi. Na wana madhara. Posti mpya huanza kuonyeshwa kwa sehemu ya wafuasi, na mtandao huangalia kama wanaitazama, wanaihifadhi, wanamtumia mwenzao. Wakikaa kimya, picha haiendi mbali, na yule dada wa Kihonda anayekufuata kwa dhati na anaolewa Desemba huenda asiione. Umelipa ili ufichwe.

Kinachonichosha zaidi ni hii imani kwamba mteja wa harusi anahesabu wafuasi. Kwetu harusi ina kamati, na kamati ina grupu la WhatsApp. Mtu anatupia linki tatu za wapiga picha, mwenyekiti anauliza bei, mhazini anaangalia bajeti. Wakifungua ya kwako wanataka kuona harusi moja nzima, tangu kanisani au msikitini mpaka keki inakatwa. Usiku hasa. Bustanini saa kumi jioni karibu kila mtu anatoka vizuri. Ukumbi wenye taa za zambarau za DJ na moshi jukwaani ndio unaoonyesha kama wewe ni fundi. Na ukiulizwa bei hadharani, taja unapoanzia. Ukimjibu "njoo inbox", mhazini anahamia linki inayofuata.

Mtagi mpambaji, MC, mshonaji na ukumbi, uwape picha chache za kazi zao bure ili nao wakutaje. Anayetafuta ukumbi leo atatafuta mpiga picha kesho. Kwenye sehemu ya jina andika "Mpiga picha za harusi Morogoro", maana utafutaji wa Instagram unaisoma. Sajili biashara yako kwenye Google Maps pia, ni bure, na waombe maharusi uliowapiga waandike maoni.

Sasa hawa wauzaji. Masharti ya Instagram yanakataza biashara yao, na Novemba 2018 kampuni ilitangaza kwamba inaondoa laiki, wafuasi na maoni bandia yanayoletwa na programu za kukuza akaunti. Hawakwambii hilo wakati wanapokea pesa. Wapo pia wanaokufundisha kuposti harusi za Lagos kana kwamba ulizipiga wewe. Bibi harusi anakuja na picha hiyo kwenye simu, anataka ya kwake iwe hivyohivyo, na siku ya harusi hairudiwi.

Neno la siri ndilo hatari kubwa kuliko yote. Mwenye nalo anaweza kubadilisha barua pepe na namba ya simu, akaunti ikawa yake, akaanza kupokea malipo ya awali kwa jina lako kutoka kwa watu wanaokuamini. Kama ulishampa siku ile ya kwanza, libadilishe leo kabla hujaposti chochote. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, hakikisha barua pepe na namba zilizoandikwa ni zako, kisha pitia orodha ya vifaa vilivyoingia na utoe kila simu usiyoitambua.