Winta inakubadilisha mtu? Maswali yenu kuhusu jua, mwanga na zile taa za kutibu huzuni ya winta

Toka siku zianze kufupika meseji zenu ni zile zile, usingizi hauishi, mwili mzito, hamu ya kitu chochote hamna. Nimechukua machache, twende.

Kila ikifika mwezi wa kumi na moja nakuwa mtu mwingine kabisa, nalala masaa mengi na bado nachoka, nataka kula mikate na vitu vitamu tu, alafu mwezi wa nne narudi kawaida. Nyumbani wananiambia ni uvivu. Kuna ugonjwa wa hivi kweli?

Upo, na uvivu hauna kalenda ndugu yangu. Kitu kikija msimu ule ule na kuondoka msimu ule ule, na ikajirudia walau miaka miwili mfululizo, hiyo wataalamu wanaiita sonona ya msimu, sonona ni ule ugonjwa wa huzuni nzito (depression), na haijaanza leo, Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani waliielezea toka 1984. Na hizo dalili zako ndo zenyewe, maana sonona ya kawaida mara nyingi inakata usingizi na hamu ya kula, hii ya winta inakulaza na kukulisha wanga. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo una saa yake ya ndani, na saa hiyo inarekebishwa na mwanga unaoingia machoni asubuhi, sasa mwanga ukichelewa na saa inachelewa, unaamka mwili bado unajua ni usiku. Wanawake inawapata zaidi kuliko wanaume, na kadiri unavyokaa mbali na ikweta ndo inazidi.

Mnasema tutoke nje tupate jua, jua lenyewe liko wapi? Wiki nzima mawingu tu.

Hili swali nalipenda kwa sababu hapa ndo watu wengi wanakata tamaa bure. Husubiri jua, unatafuta mwanga. Mwanga unapimwa kwa luksi, na sebule yenye taa zote umewasha usiku, ambayo wewe unaiona inawaka kweli kweli, mara nyingi ina luksi 100 mpaka 500 hivi. Nje mchana, mawingu yametanda kote, unakuta luksi elfu moja, mara nyingi elfu kadhaa. Sema jicho linatudanganya, linajirekebisha fasta mno, kwa hiyo ukitoka ndani unaona tu ni kijivu kijivu na hujui kama umepata mara kumi ya ulichokuwa nacho kwenye kochi. Kama huamini weka kwenye simu programu ya kupima mwanga, haipimi kwa usahihi sana lakini tofauti utaiona, pima ukiwa umekaa kwenye kochi alafu fungua mlango upime tena.

Kwa hiyo asubuhi kukishapambazuka toka, nusu saa ikiwezekana zaidi, bila miwani ya jua, tembea kabisa maana mazoezi nayo yanasaidia. Ila usilikodolee jua macho, hiyo haina faida yoyote zaidi ya kuumiza jicho. Kuna mji Norway unaitwa Rjukan, uko bondeni na milima inauzibia jua kuanzia Septemba mpaka Machi, basi 2013 wakafunga vioo vikubwa vitatu juu mlimani vinavyoligeuza jua mpaka kwenye uwanja wa katikati ya mji. Wengine waliona ni kupoteza hela, mi nawaelewa kabisa waliojenga.

Nimenunua ile taa ya tiba ya mwanga, ya luksi 10,000, nimeiwasha wiki nzima chumbani, sioni mabadiliko.

Umeiweka wapi? Hizo 10,000 zinahesabiwa kwa umbali fulani, mara nyingi sentimita 30 mpaka 60 kutoka usoni, soma karatasi yake, ukiiweka kabatini upande wa pili wa chumba hapo una taa ya kawaida tu ya bei kubwa. Iweke mezani kwa pembeni, juu ya usawa wa macho kidogo, wewe unakunywa chai au unasoma, macho wazi lakini huitazami. Dakika 20 mpaka 30 asubuhi mapema, kila siku, na uipe wiki moja mpaka mbili. Usiwashe jioni, utakesha. Kichwa kikiuma au ukijisikia umechachawa, isogeze mbali kidogo au punguza dakika. Na iwe inayochuja miale ya urujuanimno (UV), zile mashine za kubabua ngozi ili ibadilike rangi ni kitu kingine kabisa, achana nazo.

Je nikikaa dirishani napata vitamini D?

Vitamini D hapana, kioo kinazuia ile miale inayoitengeneza kwenye ngozi. Ila mwanga wa kusaidia sonona unapitia jichoni, na huo kioo kinaupitisha, kwa hiyo dirisha lina maana, ukikaa hapo hapo karibu kabisa, hatua chache ndani unapungua sana. Vidonge vya D kunywa kama vipimo vya damu vinasema umepungukiwa, lakini kwamba vitaondoa sonona, ushahidi wake unayumba.

Kuna mtu asiyetakiwa kutumia taa?

Mwenye baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana, asianze mwenyewe, mwanga unaweza kumrusha juu kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, au anayekunywa dawa zinazofanya ngozi au macho yasivumilie mwanga, aongee na daktari kwanza.

Mke wangu ametumia taa, anatembea asubuhi, bado yuko chini.

Basi mwanga peke yake haumtoshi, mpeleke hospitali bro. Kuna tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, na utafiti uliolinganisha umeonyesha winta ya pili baadaye waliojifunza hiyo walirudiwa kidogo kuliko waliotumia taa tu. Kuna na dawa, bupropioni iliruhusiwa Marekani 2006 kwa ajili ya kuzuia tatizo hili, inaanzwa kabla winta haijaingia. Akianza kuongelea kufa au kwamba hana faida duniani, usisubiri appointimenti, ni siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.

Mimi kinyume, inanipata kipindi cha joto!

Mpo, ila wachache. Kwenu dalili zinageuka, usingizi unakata, chakula hakipiti, roho juu juu. Habari za taa hazikuhusu, wewe tafuta ubaridi na giza la kulalia, pazia nzito chumbani, na ikizidi daktari vile vile.