Dansi kupooza kwenye kamera na midomo kuachana na wimbo

Pole na kazi, ndugu. Umeuliza kwa nini dansi yenu inachangamka mazoezini lakini inapooza kwenye video, na kwa nini midomo inaachana na wimbo mkipunguza kasi.

Eneo la kamera ni pembetatu: jembamba karibu na lenzi, pana huko nyuma. Mkisimama sita kwenye mstari mmoja, mpiga picha analazimika kurudi nyuma na kila mtu anakuwa mdogo. Simameni wawili mbele, wanne nyuma kwenye nafasi zilizo wazi, na mbandike alama za tepu sakafuni. Hatua za kushoto na kulia hutoka nje ya eneo linaloonekana kwenye picha upesi. Zile za kuijia kamera ndizo zenye nguvu.

Sasa mwendo wa polepole. Mkirekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 50 kwa sekunde na video inatoka kwa fremu 25, kila tendo litachukua muda maradufu. Basi tengenezeni nakala ya wimbo yenye kasi mara 2, mcheze na kuimba kwa kasi hiyo hiyo, ili video ikipunguzwa kasi midomo ilingane na wimbo wa kawaida. Wimbo wa mapigo 90 kwa dakika unakuwa 180, kwa hiyo punguzeni hatua, la sivyo mikono haitapata muda wa kunyooka. Nakala hiyo ifanyiwe mazoezi mapema, isisikike kwanza siku ya kurekodi.

Na kila kipande kianze mapigo 8 kabla ya mahali pa kukatia, kiendelee mengine 8 baada yake. Mhariri akikosa ziada hiyo, mkono unaruka kati ya picha mbili.