Close to You ya The Carpenters: mimi na dada tulijaribu kuiiga, tukaona moto

Mleta mada, umeuliza kwa nini Close to You, albamu ya The Carpenters (kaka na dada wa Marekani), ilipendwa kiasi kile mwaka 1970, wakati Marekani yenyewe ilikuwa inawaka kwa magitaa ya kelele, na ukauita "muziki wa kubembelezea watoto". Wakuu wengi hapo juu wamejibu kwamba watu wanapenda nyimbo za mapenzi, basi. Nakataa. Nyimbo za mapenzi zilijaa kila kona mwaka huo na nyingi zimeshasahaulika. Hii albamu naijua kwa jasho langu, ngoja nieleze.

Nilikulia Moshi. Baba mdogo alikuwa fundi redio, na kanda ambazo wateja walizisahau ndani ya redio zao zilibaki kwetu. Moja haikuwa na kava, imeandikwa kwa kalamu tu "CAPENTAS". Redio yetu ilikuwa ya betri, na betri zenyewe ni zile ambazo zimeshaanikwa juani mara ya tatu, kwa hiyo kanda ilikuwa inavuta na sauti inashuka. Karibu miaka miwili niliamini anayeimba ni mwanaume! Siku zilipowekwa betri mpya ndipo nikajua ni mwanamke, na hata hapo sauti yake ilikuwa chini kuliko mama yeyote niliyewahi kumsikia kanisani.

Huyo ndiye Karen Carpenter. Kaka yake Richard, anayemzidi miaka mitatu na ushee, ndiye aliyekuwa anapiga piano na kupanga muziki wote. Walizaliwa New Haven, Connecticut, familia ikahamia Downey, California, mwaka 1963. Karen aliingia kwenye muziki kama mpiga dramu, alianzia bendi ya shule, kuimba kukafuata. Mwaka 1969 Herb Alpert, mmoja wa wenye kampuni ya muziki ya A&M, akawasainisha. Albamu ya kwanza, Offering, haikufanya lolote la maana. Close to You ndiyo ya pili, ikatoka Agosti 1970.

Wimbo uliobeba jina la albamu haukuwa mpya. Burt Bacharach na Hal David waliutunga, Richard Chamberlain akaurekodi 1963, Dionne Warwick naye akaupitia, na haukwenda popote. Alpert ndiye aliyempa Richard Carpenter karatasi ya wimbo. Ukatoka kwa kina Carpenter na kukaa namba moja Marekani wiki nne. Maneno ni yaleyale, melodi ileile, kilichobadilika ni mpangilio na koo. Kwa hiyo hoja ya "watu wanapenda mapenzi" inafia hapo.

Sasa koo lenyewe. Kwenye kwaya zetu mnajua ilivyo: anayesifiwa ni sauti ya kwanza, yule anayepanda mpaka vioo vinatetemeka. Dada yangu ana sauti nzito. Miaka yote aliwekwa sauti ya pili, anaitikia tu, na wavulana walikuwa wanamtania kwamba ahamie besi. Akipewa kuongoza, mwalimu anasema doh (noti ya msingi ya wimbo) ni A, dada anapanda, sauti inakauka, anarudishwa nyuma. Hakuna aliyefikiria kumshushia doh. Richard Carpenter alifanya hilo kwa dada yake. Wimbo ule umeanza taratibu, doh ni C, Karen yuko chini kabisa, anaimba kama mtu anayeongea na wewe mkiwa mmekaa benchi moja. Baadaye unapanda nusu toni tu, unaingia D flati, na unasikia kama mtu kafungua dirisha. Kupanda huko kusingekuwa na maana kama angekuwa ameanzia juu.

Nilipokuja kuwa mwalimu wa kwaya ndogo (kwaya ya vijana, tulikuwa kumi na wanne), nikamshushia dada doh kutoka A hadi F. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata baada ya ibada akaniuliza, "Mwalimu, yule binti mmemtoa wapi?" Alikuwa anamwona kila Jumapili kwa miaka kumi.

Tukapata kichwa. Tukakusanya hela twende studio, turekodi wawili tu, kaka na dada, tujaze sauti zote wenyewe kama wao. Maana kama hujui, kwenye albamu ile ule umati unaousikia nyuma ni Richard na Karen peke yao. Walikuwa wanaimba kila sauti ya mpangilio, kisha wanairudia juu yake tena na tena, mpaka watu wawili wanakuwa kwaya. Prodyuza wetu alisema hiyo kazi ndogo: imba mara moja, mimi nakopi. Akakopi mara sita. Tulichosikia ni mtu mmoja aliyeongezewa sauti, kama anaimba ndani ya ndoo. Kopi haitofautiani na mama yake hata chembe, kwa hiyo inachoongeza ni ukubwa, upana haupo. Ukiimba upya kila mara, pumzi inakosea kidogo, noti inachelewa unywele, na tofauti hizo ndogo ndizo zinazotanua sauti. Ila zikizidi kidogo tu, inakuwa vurugu ya sokoni. Tulirudia mstari mmoja kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Herufi "s" peke yake ilitugombanisha, kila mtu anaifunga kwa wakati wake.

Kilichotuokoa ni undugu. Mimi na dada tunatamka "a" na "o" sawasawa, tumejifunzia kwenye meza moja kwa mama mmoja. Tulijaribu kumwongeza rafiki mwenye sauti nzuri kuliko yangu, akawa anaonekana kama kiraka kipya kwenye shuka kuukuu. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema Richard alibebwa na Karen nacheka. Mtoeni muone.

Lakini sitaki kuipamba. Albamu ina nyimbo kumi na mbili na si zote zina uzito. Help, ya Beatles, naiona kama suti ya kuazima. I Kept on Loving You anaimba Richard, huwa nairuka, anisamehe. Love Is Surrender wana kwaya mtaipenda, mtunzi wake Ralph Carmichael ni mtu wa nyimbo za injili, ila hapa Mungu ameondolewa kwenye maneno. Mr. Guder ni kijembe kwa bosi wao wa Disneyland, bustani ya burudani, ambako Richard na rafiki yake John Bettis walifukuzwa kwa kupiga nyimbo za kisasa badala ya zile za zamani walizoambiwa. We've Only Just Begun, ule ambao umeusikia harusini, ulianza kama tangazo la benki ya California iliyokuwa inatafuta wateja vijana. Richard aliliona kwenye televisheni akatambua sauti ya Paul Williams, mmoja wa watunzi wake, akamfuata kuuliza kama wimbo mzima upo. Mimi nauweka juu ya Close to You yenyewe, dramu zinavyoingia kwenye kiitikio hakuna mtoto wa kubembelezwa hapo.

Albamu ilifika namba mbili kwenye chati ya Billboard na tuzo mbili za Grammy zikafuata 1971. Karen alifariki Februari 1983 akiwa na miaka 32, moyo ulishindwa baada ya kuugua anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, kwa miaka. Sipendi kuisikiliza albamu hii kupitia msiba ule. Mwaka 1970 alikuwa binti wa miaka ishirini, yuko kazini.

Mleta mada, fanya hivi: vaa hedfoni, weka wimbo wa Close to You, usizime unapodhani umeisha. Unakuja ukimya mfupi, kisha sauti zote zinarudi kwa pamoja. Hesabu ni watu wangapi, halafu uje uniambie. Dada alihesabu wanane akaacha. Kazi yetu ya studio bado iko kwa prodyuza, tunadaiwa elfu arobaini.