Hivi Hayatou alitolewaje CAF?

SWALI: Mhariri habari za kazi, naomba mtumalizie ubishi. Jamaa yangu anang'ang'ania Issa Hayatou, yule rais wa zamani, ndo kaianzisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, maana eti tangu apate akili alikuwa anamsikia yeye tu. Ni kweli? Na kama alikaa vile, alitokaje?

JIBU: Mwambie jamaa yako apunguze sauti. CAF ilianzishwa Khartoum Februari 1957, Hayatou yuko zake Kameruni ni dogo wa miaka 10. Rais wa kwanza alikuwa Mmisri, Abdel Aziz Abdallah Salem, na kombe la kwanza la AFCON, yaani michuano ya mataifa ya Afrika, likapewa jina lake. Aliyemtangulia Hayatou ni Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, toka 1972 mpaka alipofariki 1987, na huyu mi nasema hatajwi inavyostahili: mpira kacheza, timu ya taifa iliyobeba AFCON 1962 kaifundisha yeye, na kwenye ubaguzi wa makaburu hakuwa na mzaha kabisa.

Hayatou kaingia 1988 pale Casablanca ana miaka 41, akakaa 29. Tusimseme vibaya tu, AFCON kaikuta na timu 8 kaiacha na 16, na nafasi za Afrika Kombe la Dunia zilikuwa 2, mwaka 1998 zikafika 5. Shida ilikuwa kile kiti. 2012 ikapitishwa kanuni kwamba anayetaka urais lazima awe mjumbe wa kamati ya utendaji, Jacques Anouma wa Ivory Coast akaachwa nje, na 2013 mzee akapita bila kupingwa. 2015 wakafuta na ukomo wa umri wa miaka 70, na mzee 70 yake anaitimiza mwaka unaofuata, piga hesabu mwenyewe.

Ila kanuni ile ya 2012 ilifunga mlango wa nje tu, na kikulacho ki nguoni mwako. Machi 2017 Addis Ababa akasimama Ahmad Ahmad wa Madagaska, mjumbe wa kamati hiyohiyo, akampiga mzee kura 34 kwa 20. Nadhani hata mezani kwake wapo walioduwaa.

Ahmad naye hakudumu, Novemba 2020 FIFA ikamfungia kwa makosa ya maadili yakiwemo ya hela. Machi 2021 wagombea watatu wakajitoa, Patrice Motsepe wa Afrika Kusini akapita Rabat kiulaini, na 2025 kapita tena peke yake. Yaani tangu ile siku ya Addis, wajumbe wa CAF hawajapata tena uchaguzi wa rais wenye wagombea wawili.