Plastiki Inayopitisha Umeme Yaweza Kuhisi Joto la Mtu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi umeme hapa Tanga. Nilipofungua taa ya ulinzi inayojiwasha mtu anapopita, nilikuta kifuniko cheupe cha plastiki na nyuma yake kihisi kidogo chenye ganda la chuma. Nasikia sasa vihisi vya joto vinajaribiwa kutengenezwa kwa plastiki inayopitisha umeme. Plastiki si ndiyo tunayovishia nyaya ili tusipigwe shoti?

JIBU: Ndugu fundi, ya kwenye nyaya ni kihami kweli. Hata hivyo, mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini, aina mojawapo ya plastiki, ikitiwa iodini hupitisha umeme mara mamilioni zaidi kuliko awali, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Inayotumika sana leo ni PEDOT:PSS, mchanganyiko wa polima (plastiki) mbili, PEDOT inayopitisha umeme na PSS, ambao huja kama wino wa buluu iliyokolea na huweza kuchapwa juu ya karatasi laini ya plastiki.

Kinachowavutia watafiti si wepesi wake wa kupitisha umeme, maana shaba inaishinda kwa mbali, bali ugumu wake wa kupitisha joto. Mwili wa mtu hutoa miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo kilele chake kiko kwenye urefu wa wimbi wa takriban maikromita 9.5, nayo hukipasha kihisi kwa sehemu ndogo mno ya digrii, kiasi kwamba joto hilo likitoroka mapema hakuna kitakachopimwa. Silikoni inayotengenezewa vijenzi vya elektroniki hulikimbiza upesi. Polima hii hulishikilia, huku umeme ukiendelea kupita. Basi hupimwa badiliko la ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme, au volti ndogo inayozaliwa baina ya ncha yenye joto na ncha baridi.

Tatizo lake ni unyevu, na watu wa pwani mnaujua. Sehemu ya PSS hunyonya maji ya hewani, ukinzani ukabadilika, na kihisi kikaanza kupima hali ya hewa badala ya mtu. Lazima kizibwe, tena si kwa kioo cha kawaida, kwani kioo huzuia miale hiyo. Ndiyo sababu kifuniko cha taa yako ni cha polithini.

Kihisi ulichokikuta huenda ni cha seramiki, ambacho hutoa chaji pale tu joto linapobadilika, ndiyo maana mtu akisimama tuli taa huzimika. Kibakishe hichohicho, na kifuniko kikipasuka usiweke kipande cha kioo.